Askari Waliochoka Ndani ya Figo ya Baba Mdogo



Baba mdogo anakaa Muhima, upande wa kushukia Nyabugogo. Aliona damu kwenye mkojo akanyamaza miezi mitano, anasema aliona haya hata kumwambia mkewe. Alipofika hospitali figo moja ilikuwa na uvimbe. Ikatolewa, na vipimo vikaonyesha saratani ya figo ya aina ile inayowapata watu wazima zaidi.

Kwa kuwa nasoma biolojia, kila baada ya Isha mimi ndiye wa kuulizwa. Swali lake la kwanza lilinishinda: "Mwanangu, mwili una askari wake. Walikuwa wapi?"

Nilimjibu siku ya tatu, nikiwa nimesoma. Walikuwepo, tena wengi. Kwenye kromosomu ya 3 kuna jeni iitwayo VHL, iliyotambuliwa mwaka 1993. Kazi yake ni kuhakikisha protini iitwayo HIF inavunjwa wakati oksijeni inatosha. Katika saratani nyingi za aina hii jeni hiyo imepotea au imeharibika. Basi seli inalia kukosa hewa na hewa ipo, inaita mishipa mipya ya damu. (Kaelin, Ratcliffe na Semenza, waliofumbua jinsi seli inavyohisi oksijeni, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.)

Uongo huo unawafikia na majirani. Kemikali ile ile inayoita mishipa huzuia kukomaa kwa seli za kinga zinazowafundisha wenzao kumjua adui. Makrofaji, ambazo kazi yake ni kula uchafu na vijidudu, nyingi hugeuka kuwa wasaidizi wa uvimbe. Seli T nazo huingia kwa wingi, zikapigana mpaka zikachoka, na uvimbe ukazionyesha alama ya kuziambia ziache. Katika saratani nyingine wingi wa seli T ni habari njema. Katika hii ya figo mara nyingi ni kinyume. Mimi mwenyewe nilishangaa. Dawa ya nivolumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya figo mwaka 2015, huziba alama hiyo zisiione. Bei yake tuiache.

"Kumbe walikuwepo, wakadanganywa," akasema, akacheka kidogo.

Binti yake alikuwa kimya mlangoni. Ameshaposwa. Akauliza lile lililokuwa linamnyima usingizi: je, na yeye amerithi? Nikamwambia kwa wagonjwa wengi jeni hupotea humo humo ndani ya figo, haitoki kwa wazazi. Wachache huzaliwa na kasoro hiyo, na hao mara nyingi huugua mapema, pengine figo zote mbili, au wana jamaa waliopata uvimbe wa jicho au wa ubongo. Baba yake ana miaka 64, na kwetu hatujapata kusikia hayo. Lakini mimi mwanafunzi tu, nikamwomba amwulize daktari.

Alimwuliza, akajibiwa vivyo hivyo. Nikaha ni baada ya Idi inshallah, na baba mdogo ndiye atakayemwozesha.