Kutosha na Kushiba: Maneno ya Mama Mkubwa Kabla na Baada ya Upasuaji

Kiswahili kina neno moja, tumbo, kwa vitu vitatu: sehemu ya mbele ya mwili chini ya kifua, mfuko unaopokea chakula, na mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Katika mazungumzo ya kila siku hilo halimsumbui mtu. Mwanamke akisema tumbo linamuuma, wanaomjua wanaelewa ni lipi. Mbele ya daktari anayesubiri sahihi yako, mambo ni mengine. Nililiona hilo New Delhi, nilipomsindikiza mama mkubwa wangu kwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito.

Mama mkubwa ni dada wa kwanza wa mama yangu. Anakaa Kasomeno, kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kasenga, na tangu nikiwa mdogo amekuwa akinunua samaki wa Luapula na kuwapeleka mjini. Alipoondoka alikuwa na miaka 47, urefu wa mita 1.62 na uzito wa kilo 138. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, presha, na magoti ambayo hayakukubali tena kupanda lori. Sukari alikuwa ameizoea. Lori ndilo lililomwamsha, maana muuza samaki asiyeweza kupanda juu ya mzigo wake hupokea bei anayopangiwa na wengine. Aliuza kiwanja, akaongeza zamu yake ya likelemba, na daktari wake akampa barua.

Katika ukoo wetu kunona hakujawahi kuwa ugonjwa. Babu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière. Enzi za Union Minière mfanyakazi alipewa mgao wa chakula kila wiki, nao uliitwa poso. Hadi leo wazee wa Katanga husema poso wakimaanisha wiki: muda wenyewe ulipata jina la chakula. Kisha poso ikakoma, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Babu alikuwa mmoja wao. Mama mkubwa alianza biashara ya samaki wakati huo, ili wadogo zake wale. Aliponona, mtaa mzima ulijua kwamba nyumba ile imetoka kwenye njaa. Sasa tulikuwa tunamwambia kwamba ushahidi huo unamuua.

Upasuaji wenyewe unaelezeka. Daktari hupitisha vyombo katika matundu madogo, akakata na kuondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, akaacha bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Mtu hula kidogo kwa sababu nafasi ni ndogo, na pia kwa sababu sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, gerelini. Kwa miaka mingi madaktari walifuata mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991: uzito ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, jibu liwe 40 au zaidi, au 35 kama kuna maradhi kama sukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata bila maradhi. Mama mkubwa alikuwa na 52. Kwa hesabu, hakuwa na wa kubishana naye.

Matayarisho yalianza nyumbani. Wiki mbili kabla ya kisu alitakiwa kula kidogo sana, bila bukari, bila mkate, bila sukari, ili ini lisinyae na kumwachia mpasuaji nafasi ya kufanya kazi. Mimi nilitayarisha daftari. Niligawa kila ukurasa safu nne: Kiingereza cha hospitali, Kifaransa cha daktari wa Lubumbashi, Kiswahili sanifu, na Kiswahili chetu. Nikaandika damu kuganda, mshono kuvuja, sindano ya usingizi. Jioni tulikaa uani na kuyapitia. Alikuwa akinisikiliza huku akichambua sombe ambayo hakuruhusiwa kuila pamoja na bukari, na maswali yake yalikuwa mazito kuliko yangu. Jioni moja aliuliza:

"Mama, nikifia kule, nani atanirudisha?"

Nilimsomea kilichoandikwa: wanaokufa kwa upasuaji huu ni wachache, chini ya mtu mmoja kati ya 100. Akauliza kama huyo mmoja naye alisomewa hivyo hivyo. Kisha akaita mama yangu na wajomba, akawaambia pesa za dharura ziko wapi na zinatosha nini. Niliona kwamba hayo nayo ni matayarisho, ingawa hayamo kwenye orodha ya hospitali.

Hospitali ilitupatia mkalimani, kijana wa Kihindi aliyejifunza Kiswahili Dar es Salaam. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu darasani. Alimweleza mama mkubwa kwa adabu kwamba kesho wataondoa sehemu kubwa ya tumbo. Mama mkubwa alinigeukia.

"Banataka kunitosha kizazi? Mi sikufika huku juu ya ile."

Nikachora. Nikamwonyesha koo, mfuko, utumbo, na chini kabisa, mbali na hayo yote, kizazi. Nikamwambia ni mufuko ya chakula tu. Akatazama mchoro kwa muda, akapitisha kidole pale penye mstari wa kukata, akasema, "Basi, batoshe."

Mkalimani akamgeukia daktari na kumwambia kwamba mgonjwa anasema inatosha, hataki kuendelea. Daktari akafunga faili.

Msomaji wa Katanga ameshaelewa. Kwetu kutosha ni kuondoa, kutoa nje. Mama mkubwa alikuwa amekubali: waondoe. Kisarufi yuko salama kabisa. Kama waka inavyozaa washa, na anguka ikazaa angusha, ndivyo toka inavyozaa tosha: kufanya kitu kitoke. Katika Kiswahili sanifu tosha imebaki na maana ya kufika kiasi, na kazi ya kuondoa imeachiwa toa. Mkalimani hakukosea kwa Kiswahili alichofundishwa, wala mama mkubwa kwa Kiswahili alichozaliwa nacho. Hata hivyo neno hilo moja lilikuwa limefuta kiwanja kilichouzwa na safari nzima. Nilieleza kwa Kiingereza, mkalimani akacheka kwa kuona jambo jipya, akaliandika. Daktari aliomba mama mkubwa aseme tena kwa maneno mengine. Akasema, "Bakate." Hilo lilieleweka na wote.

Alipasuliwa asubuhi. Jioni ile ile walimsimamisha atembee kwenye korido, kwa sababu kulala tu kunafanya damu igande miguuni. Chakula chake kilikuwa maji, kwa kikombe kidogo kama cha dawa ya kikohozi, dakika hadi dakika. Tulikaa wiki mbili Delhi kabla ya kupanda ndege, na ndani ya ndege kupitia Addis Ababa alivaa soksi za kubana na kutembea kila saa.

Siku ya tatu mtaalamu wa lishe alimwuliza, kupitia mkalimani, ameshiba kiasi gani kuanzia 1 hadi 10. Mama mkubwa alijibu kwamba kushiba ni kushiba. Nadhani jibu hilo lingestahili saa nzima ya darasa. Tunasema nimeshiba kwa wakati timilifu, kama nimefika, kama nimekaa: hali ambayo mtu ameingia, mlango ukafungwa nyuma yake. Kibemba, lugha ya mama yake, nacho husema naikuta, nimeshiba, na Kiganda kina kitenzi cha mzizi huo huo, kukkuta. Kwa mtu aliyekulia miaka ya poso iliyokatika, kushiba kuna kiwango kimoja tu, na kabla yake kuna njaa. Hospitali ilikuwa inamfundisha kutambua kitu kingine: ule mkazo mdogo chini ya kifua unaosema tonge linalofuata litarudi. Hatukuwa na neno lake. Tukakubaliana kuuita "mlango". Mlango ukigonga, anaweka kijiko chini.

Aliporudi Kasomeno alikuja na karatasi ya ratiba. Wiki mbili za vinywaji, kisha mbili za chakula kilichosagwa, kisha mbili za chakula laini. Asinywe pamoja na chakula, angoje nusu saa. Protini kwanza, angalau gramu 60 kwa siku. Vitamini, chuma na kalisi maisha yote. Niligundua kwamba ratiba hiyo nayo ni poso: wiki inayopewa jina kwa kinacholiwa. Nilipomwambia poso ya kwanza ni ya supu, ya tatu ni ya samaki aliyepondwa, hakuhitaji tena karatasi. Samaki wa Luapula alimfaa kuliko unga wowote wa kopo. Munkoyo tuliuchuja na kuuacha bila sukari.

Neno lililomsumbua zaidi lilikuwa kukonda. Baada ya miezi mitatu nguo zilimlegea na nywele zikaanza kudondoka, jambo ambalo hutokea kwa wengi baada ya kupungua haraka na ambalo hupita. Sokoni hawakulijua hilo. Kwetu anayekonda ana deni, ana huzuni, au ana ule ugonjwa ambao watu hawautaji. Mteja mmoja wa miaka mingi aliacha kununua samaki kwake. Mama mkubwa alitafuta jina la kuwapa watu, na akalipata mwenyewe: alisema alienda kupasuliwa ugonjwa wa sukari. Si uongo. Sukari yake ilikuwa imeshuka kiasi kwamba daktari wa Lubumbashi alimpunguzia dawa. Na jina hilo liliwapa watu njia ya kumuuliza hali bila kumwonea aibu.

Hofu kubwa lakini ilikuja mapema zaidi, wiki ya tano. Kulikuwa na kilio kwa jirani, na kwenye kilio mtu hakatai sahani. Alikula bukari matonge kadhaa, akaanza kutapika, na akatapika siku nne. Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimwona mtu aliyekauka, akatayarisha serumu ya sukari, kama ambavyo angefanyiwa mgonjwa mwingine yeyote anayetapika. Katika karatasi za hospitali, ukurasa wa mwisho, kulikuwa na sentensi moja ya Kiingereza ambayo nilikuwa nimeitafsiri katika safu zote tatu: akitapika kwa siku kadhaa, apewe vitamini B1 kabla ya serumu yenye sukari. Sababu ni kwamba mwili huitumia B1 kuunguza sukari. Akiba ikiwa imekwisha, sukari ikaingia kwanza, ubongo na neva zinaweza kuumia kabisa. Nilimpa muuguzi daftari. Alisoma safu ya Kifaransa, kisha ya Kiswahili, akaitundua chupa na kutafuta sindano ya vitamini. Usiku huo huo tulienda Lubumbashi. Mshono haukuwa umevuja. Ilikuwa bukari tu, iliyofika kabla ya poso yake.

Tangu hapo mama mkubwa alihitaji namna ya kukaa kwenye vilio na harusi bila kutukana wenyeji na bila kurudi hospitali. Sarufi yetu ilimsaidia. Kiswahili sanifu hudogosha kwa ki-, lakini cha Katanga kimehifadhi ka- na tu-, kama Kibemba kinavyofanya. Sahani ikifika, anasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Munipatie kabukari kadogo na tusamaki." Kabukari si kukataa. Ameomba, na aliyeomba amepokea ukarimu. Wenyeji humwekea tonge moja, wakidhani ni heshima ya mtu mzima, na yeye hula samaki kwanza hadi mlango ugonge.

Sasa ni mwezi wa kumi. Ana kilo 97, na lori anapanda mwenyewe. Bado ni mama mkubwa, na watoto wa mtaani wamempa utani kuhusu jina hilo ambao yeye huucheka kuliko wote.

Nawaandikia wenzangu wa kitivo kwa sababu watu wetu wataendelea kusafiri kwa matibabu, India, Tunisia, Afrika Kusini. Watapewa karatasi za Kiingereza, na wakibahatika watapewa mkalimani wa Kiswahili cha Dar es Salaam. Sisi tunajua kutosha ni nini. Tunaweza kukaa na wauguzi na wagonjwa tukaandika orodha fupi ya viungo, dalili na ya kufanya wakati wa hatari, katika lugha wanayoota nayo. Daftari la mama mkubwa lina kurasa 31. Ameomba tumpigie nakala mbili: moja ya kituo cha afya cha Kasomeno, nyingine ya mwanamke wa Kasenga aliyemfuata sokoni wiki iliyopita, akamvuta pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Banakata wapi?"