Shosho Wangu Ni Nyota Gani?

Wasee, niseme mapema: sina ubaya na nyota. Mimi ni Nge, na nikisoma mahali kwamba Nge hatusahau, nakubali mia kwa mia. Lakini hizi orodha za "nyota yako, ua lako" zina shida moja. Zilitungwa mbali na hapa.

Angalia Kondoo, wale wa kuanzia Machi 21. Wengi wanapewa tulipu na dafodili. Kwa nini? Huo ndio wakati maua hayo yanachanua Ulaya, baridi ikiisha. Nairobi, Aprili ni mvua, matope na nauli kupanda. Sisi Nge msimu wetu unakuta jakaranda, barabara nzima zambarau, lakini orodha inatupa krisanthemumu, ua la vuli ya huko kwao.

Na si mambo ya juzi. Mwaka 1652 Mwingereza Nicholas Culpeper alichapa kitabu cha mitishamba, kila mmea na sayari yake. Thabai, ile ya kuwasha mkono, akaipa Mirihi. Rozimari akaipa Jua na Kondoo. Alikuwa anaangalia mimea ya kwao, na hiyo ni haki yake. Sisi je?

Sasa kuna shosho. Kitambulisho chake kinasema Januari 1, kama cha wazee wengi ambao tarehe yao haikuandikwa popote. Ukifuata hiyo, kijiji kizima ni Mbuzi! Huyu ndiye aliuza maziwa nisome. Tangu niache chuo, simu zetu zilikuwa fupi: umekula? Nimekula. Haya. Kazi ya video haielewi, na mimi sikujua nianzie wapi kumweleza.

Nikampigia nikauliza tu, "Shosho, ulizaliwa lini haswa?"

Aliongea karibu saa nzima. Alizaliwa mvua ndefu ikianza, mamake akiwa ametoka kupanda maharagwe. Ua ambalo mikono yake inalijua ni pareto, na hilo lilikuwa la kuuza. Wa kumletea ua hajawahi kutokea. Mwishoni, bila mimi kugusia, akauliza hizo video zangu zinaonyesha nini.

Kwa hesabu ya mvua anaweza kuwa Kondoo. Nikamnunulia mche wa rozimari kwa wale wauzaji wa kando ya barabara. Mmea mgumu, haulii baridi. Shosho akaunusa, akauliza, "Hii si inawekwa kwa nyama?" Inawekwa.

Kwa hivyo chagua kwa nyota ukitaka, hata mimi nachagua. Ila kabla ya kulipa, jua dirisha lake linapata mwanga kiasi gani, kwa sababu alizeti ya Simba haitakubali bedsitter inayoangalia ukuta. Na muulize alizaliwa mvua gani. Mpe muda ajibu.

Wako ni nyota gani?