Kusikia si Kuona: Safari Yangu ya Nyegezi



Mimi ni karani wa parokia, nami kazi yangu mnaijua: kutunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kupokea zaka, na kuandikia watu barua. Nilisomea ualimu huko Tabora, lakini ajira haikupatikana, ndipo Baba Paroko akanipa meza na kalamu. Kwa kuwa nimesoma kidogo, watu wa kijijini huniuliza mambo mengi, nami nina kilema kimoja: sijui kusema "sijui". Habari ninayowaandikia leo ni habari ya kilema hicho.

Mwaka 2022 mzee mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini, kofia mkononi. Binti yake alikuwa amefaulu kidato cha sita na kupata nafasi ya chuo kikuu huko Mwanza. Mzee alikuwa na ng'ombe wanne. Akaniuliza, "Karani, wewe umesoma. Niuze ng'ombe wawili nimpeleke, ama nimwache? Huko chuo kikuu kukoje?"

Nikajiweka sawa kitini. Nikamwambia kwamba mji huharibu wasichana, kwamba chuo kikuu hakina ulinzi kama sekondari ya masista, na kwamba ingefaa angoje kwanza. Mzee akanishukuru, akavaa kofia yake, akaenda zake. Mwaka uliofuata binti akaolewa, na barua yake ya ndoa niliiandika mimi mwenyewe. Sasa nawaambieni ukweli: siku ile nilipomshauri, nilikuwa sijakanyaga chuo kikuu hata kimoja. Mwanza yenyewe nilikuwa nimeipita mara chache tu ndani ya basi, kama gunia la mihogo.

Basi, mwaka 2024 ikafika zamu ya nyumba yetu. Mdogo wangu wa mwisho alipata nafasi ya kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kule Nyegezi. Baba hakuniuliza mimi, alimwuliza mama, na mama akasema, "Aende." Bodi ya Mikopo ikampa sehemu ya fedha, nasi tukauza ng'ombe mmoja kwa ajili ya iliyobaki. Mjomba akampeleka. Tukarudi mashambani tukiona kwamba kazi yetu imekwisha.

Hata mwishoni mwa mwezi Juni mwaka 2025, usiku, simu ikalia. Alikuwa yeye, naye analia. Hakueleza sababu. Alisema tu kwamba amechoka na anataka kurudi nyumbani, na mitihani iko karibu. Baba akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, nenda ukaone kwa macho yako. Ukiona mahali hapafai, rudi naye. Ukiona panafaa, mwache. Neno lako ndilo nitakalolifuata." Usiku ule sikupata usingizi, maana nilimwona yule mzee mwenye kofia amesimama mbele yangu.

Asubuhi nikapanda basi kutoka upande wetu wa Sengerema. Zamani, ukifika Busisi, ulingoja kivuko mpaka jua likuchome utosi. Safari hii tulipita juu ya daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni kama kilomita 3, nalo limeivuka Ghuba ya Mwanza kutoka ng'ambo hata ng'ambo. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alishika rozari njia nzima ya darajani, na tulipofika nchi kavu akasema, "Kumbe ni karibu hivi!" Neno lake likanichoma. Miaka yote nilikuwa nikiuona mji ule kuwa mbali, wala haukuwa mbali.

Nilishuka Nyegezi kabla ya adhuhuri, nikachukua bajaji mpaka Malimbe, chuo kilipo. Njiani nilifikiri nitakuta ukuta mrefu na watu wenye dharau. Langoni askari akaniamkia, "Shikamoo mzee," ingawa sijafikia uzee. Nikaitika na kumweleza shida yangu. Akanielekeza vizuri. Ndani nikaona majengo na miti, na mawe makubwa kama yale ya milima yetu ya nyumbani. Vijana walikuwa wameketi kivulini na madaftari, wanaulizana maswali ya mitihani. Wengine wamevaa viatu vilivyopigwa raba chini, kama vyangu. Nikajisemea, "Hawa ni watoto wetu."

Chuo hiki hakikuanza jana. Mwaka 1960 kilianza kama chuo cha mafunzo ya huduma za jamii, kazi ya Askofu Joseph Blomjous na Mapadre Weupe. Mwaka 1998 Maaskofu wa Tanzania wakakifanya chuo kikuu. Watangazaji na waandishi wengi wa habari tunaowasikia redioni walifundishwa pale. Nilichungulia ukumbi mmoja mtupu, nikaingia, nikaketi kwenye benchi la nyuma. Sitawaficha: nilikaa pale nikaona wivu. Miaka ya ujana wangu hakuna aliyeniambia kwamba benchi kama lile lingeweza kuwa langu. Ndipo nikakumbuka kwamba nilimnyima mtoto wa mwenzangu benchi lile lile, tena kwa maneno matupu.

Mdogo wangu alinikuta nje ya maktaba. Alikuwa amekonda. Nikamnunulia wali na maharage kwa mama mmoja nje ya lango, na alipokwisha kula akaanza kusema. Mwezi wa pili yeye na wenzake wawili walitaka kupanga chumba nje ya chuo. Akatokea dalali, kijana mwenye maneno matamu, akawaonyesha chumba kizuri, akapokea kodi ya miezi sita mkononi, hakuandika risiti. Walipohamia, mwenye nyumba akawauliza, "Ninyi ni nani?" Dalali hakuonekana tena. Tangu siku ile mdogo wangu alikuwa akilala kwa rafiki yake, wawili katika godoro moja, na fedha ya chakula aliigawa ili alipe deni alilokopa. Alikula mara moja kwa siku.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamwuliza.

"Kaka, ile ilikuwa fedha ya ng'ombe wa baba. Ningesemaje?"

"Unataka kuacha masomo?"

Akatazama chini. "Sikutaka kuacha. Nilitaka mtu aje."

Wazazi wenzangu, neno hilo lilinipiga kuliko fimbo. Miezi minane mtoto yuko chuoni, na katika nyumba nzima hakuna aliyevuka maji kwenda kumwona. Tulituma salamu na maombi. Maombi ni mema, lakini gunia la unga nalo lina kazi yake.

Tukaenda wote wawili kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Alikuwa hajafika huko kwa sababu ya aibu. Tukasikilizwa vizuri, tukaelekezwa jinsi ya kutoa taarifa ya dalali, na jinsi ya kuomba chumba kwa muhula unaofuata. Kisha jioni nikamtafuta mwenyekiti wa Jumuiya ya Kikristo ya mtaa ule. Nikatoa mfukoni karatasi yenye muhuri wa parokia yetu, nikaandika barua ya utambulisho pale pale, kwa mkono wangu: huyu ni binti wa fulani, amebatizwa kwetu, tunamfahamu, tunaomba mumtazame kama mtoto wenu. Saa moja baadaye tulikuwa kwa mama mmoja mjane mwenye chumba cha uani. Akaisoma barua, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Ataanza kulala leo." Kodi tukampa yeye mwenyewe, ya mwezi mmoja mmoja, naye akaandika risiti.

Barua za namna ile nimewaandikia watu mamia: wanaohama, wanaooa, wanaokwenda hospitali. Wakati mdogo wangu alipoondoka nyumbani, sikumwandikia hata mstari mmoja. Mshona viatu alimwacha ndugu yake aende peku.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikamwambia, "Twende tuutazame mji huu tunaouogopa." Tukapanda daladala mpaka katikati ya jiji. Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1892, reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, na mwaka 2000 mji ukafanywa jiji. Nyumba zimepanda juu ya milima ya mawe, moja juu ya nyingine, hata unajiuliza mwenye nyumba hupandishaje maji. Makoroboi tulinunua sufuria na ndoo, tukipenya kati ya wachuuzi waliotandaza bidhaa chini. Huko mtu akijaribu kuingiza mkono mfukoni mwangu, mdogo wangu akaugonga mkono ule kwa sufuria, wala hakusema neno. Nikaona kwamba mtoto huyu amekwisha kujua mengi ambayo mimi siyajui.

Kisha tukapanda mpaka Bugando. Hospitali ile mnaijua nyote, maana ni nyumba chache kwetu ambazo hazijapeleka mgonjwa huko. Ilifunguliwa mwaka 1971, Serikali ikaichukua mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Maaskofu. Tulikuwa na mgonjwa wetu wa kumtazama, bibi mmoja wa parokia yetu asiyejua Kiswahili vizuri. Tulipofika, daktari mmoja kijana, mwanamke, alikuwa ameinama kando ya kitanda akimweleza dawa zake kwa Kisukuma safi, polepole, kama mjukuu. Bibi akacheka. Nikamwuliza daktari kwao ni wapi. Akataja kijiji kisicho mbali na chetu. "Baba yangu alikuwa mvuvi," akasema, kisha akaenda kwenye kitanda kingine.

Jioni tukashuka mpaka ziwani, tukasimama kutazama lile jiwe linaloitwa jiwe la Bismarck, limesimama majini juu ya mawe mengine kana kwamba litaanguka sasa hivi. Limesimama hivyo tangu kale. Mdogo wangu akasema, "Mimi nami nilidhani nitaanguka." Nikanyamaza, maana sikuwa na jibu zuri zaidi ya hilo.

Jumapili, baada ya Misa, nilifikiri habari za mtakatifu ambaye chuo kile kimepewa jina lake. Agustino alizaliwa mwaka 354 huko Afrika ya Kaskazini, katika nchi inayoitwa leo Aljeria. Baba yake hakuwa tajiri, na kijana alipofika miaka 16 alikaa nyumbani mwaka mzima bila masomo kwa kukosa fedha. Mwaka ule wa kukaa bure ulimfundisha mabaya, akaiba hata pea za jirani pamoja na vijana wenzake. Kisha mtu mmoja wa mji wao, jina lake Romanianus, akamsaidia, akaenda kusoma Karthago. Ni kweli, mjini alipotea kitambo kirefu. Lakini mama yake, Monika, hakuishia kulia tu. Alivuka bahari akamfuata mpaka Italia. Sisi huko kwetu twapenda kuhubiri machozi ya Monika, tunaisahau nauli yake.

Jumatatu nikarudi peke yangu. Baba alikuwa ameketi chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitika, akatazama nyuma yangu aone kama nimekuja na mtu. "Panafaa?" akauliza. Nikamwambia, "Panafaa, baba, lakini sisi hatukufaa." Nikamweleza yote. Tangu mwezi ule, kila baada ya wiki tatu tunapeleka unga na maharage kwa basi, na kila muhula mtu mmoja wa nyumba yetu anakwenda kumwona. Mitihani aliifanya, akafaulu.

Ilikuwa bado safari moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko ile ya Mwanza. Nilikwenda kwa yule mzee mwenye ng'ombe wanne. Nikamwambia, "Mzee wangu, mwaka 2022 uliniuliza habari ya chuo kikuu, nami nikakushauri nisilolijua. Sasa nimepaona. Nimekuja kukuomba radhi."

Akakaa kimya, akichonga mpini wa jembe. Mwishowe akasema, "Karani, siku ile ng'ombe walikuwa na bei, na maneno yako hayakuwa na bei. Ndiyo sababu niliyachukua upesi. Kosa si lako peke yako." Akapuliza vumbi la mti. "Binti yangu ana mtoto sasa, lakini cheti chake cha kidato cha sita bado amekitunza sandukuni. Siku nyingine hukitoa akakitazama."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea, "Amwombe mumewe, nami nitasema naye. Nafasi ikipatikana tena, utampeleka wewe mwenyewe, kwa miguu yako."

Nikamwambia nitampeleka. Barua ya utambulisho nimekwisha kuiandika, imo katika mtoto wa meza. Imebaki kutiwa tarehe tu.

Wasalaam,
Karani wa Parokia