Kutetemeka si Kuyumba

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga, nami sikusudii kuwakosoa. Ila ajali ninayoisimulia hapa ilikuwa na kinga, tena rahisi mno: kupunguza mwendo. Sikupunguza. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, 2019, nikitoka Nakuru kuelekea Nairobi katika gari la baba yangu, Toyota Corolla kuukuu aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake baada ya kufundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Nilipokaribia Kikopey, lori lililonitangulia likafunga breki ghafla. Nikauzungusha usukani kushoto. Gurudumu la mbele la upande huo likaupiga ukingo wa zege wa kalvati, fenda ikakunjika, taa ikapasuka, gari likasimama limeinama kama ngamia aliyepiga magoti. Mimi sikupata hata mkwaruzo.

Kosa lililonigharimu zaidi lilifuata baadaye. Nilipolitoa gurudumu lile niliona rimu imebonyea vibaya. Nikafunga tairi la akiba, nikajikokota polepole hadi Nairobi, na kesho yake nikaiuza rimu ile kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha nikatafuta nyingine ya mitumba. Ndipo nikalipeleka gari gereji. Mwenye gereji ni mtu wa kwetu, anayemjua baba vizuri, nami sikutaka habari ziruke hadi Nakuru kabla yangu. Nikamwambia nimegusa nguzo ya lango kidogo tu. Naye akanitendea kwa mujibu wa maneno yangu: akanyosha fenda, akabadilisha taa na bampa, akapaka rangi. Kwa nini akague chini ya gari lililogusa nguzo ya lango?

Gari lilitoka linang'aa kama bibi harusi. Lakini nilipoingia barabara kuu na kufikia kilomita 80 kwa saa, usukani ukaanza kunitekenya viganja. Ilipofika 95 ulikuwa ukitetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Nikipita 105 ulitulia kidogo, jambo lililonishawishi, Mungu anisamehe, kwamba dawa yake ni kukimbia zaidi.

Gari hilo nilikuwa nimeazimwa tu. Mwishoni mwa Septemba baba alihitaji kumleta mama kliniki Nairobi, na njia yao ni ile ya Kinungi, yenye malori na miteremko inayojulikana kwa misiba. Kila nilipoushika usukani ule nilimwona mama ameketi kushoto, mkoba wake mapajani, karibu kabisa na gurudumu lile.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza nilimwambia kuwa gari "linayumba". Akalipima mpangilio wa magurudumu, akaurekebisha, nikalipa. Halikubadilika. Wa pili aliyafunga magurudumu kwenye mashine ya kusawazisha uzito, akapachika vipande vya risasi kwenye rimu mpaka mashine ikaonyesha sufuri pande zote. Nikalipa. Halikubadilika. Wa tatu alikuwa muuza matairi, na nadhani msomaji ameshakisia alichonishauri. Nikanunua matairi mawili mapya. Kufikia hapo nilikuwa nimetumia shilingi 23,000, na usukani ulikuwa ukitetemeka juu ya matairi mapya.

Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Kariobangi. Kibanda chake ni cha mabati, kimebanwa baina ya wachomeleaji wawili, hivyo mazungumzo yote hufanywa kwa kupaza sauti. Hakufungua boneti. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza:

"Hii gari inasumbua wapi, mwalimu?"

"Inayumba, mzee."

"Inayumba ama inatetemeka?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nikiandika tasnifu kuhusu semantiki ya vitenzi, na sikuwa na jibu.

"Sikiza," akasema. "Gari ikiyumba, hiyo inatafuta barabara. Inaenda huku, unairudisha, inaenda kule. Ikivuta, inataka upande mmoja tu. Ikidunda, utasikia kwa kiti. Ikitetemeka, ni mikono inajua. Sasa wewe uliona gani?"

Naungama kwamba kalamu yangu nyekundu ya upatanisho wa kisarufi ilinicheza mfukoni niliposikia "gari inavuta". Sikuitoa. Mzee yule alikuwa amenipangia vitenzi vinne katika uga mmoja wa maana, kila kimoja na mipaka yake, na kila kimoja kikielekeza spana mahali pake. Kuyumba na kuvuta aghalabu huelekeza kwenye mpangilio wa magurudumu, upepo wa matairi au viungo vilivyolegea. Kudunda kitini huelekeza nyuma. Kutetemeka mikononi, kwa mwendo fulani maalumu, huelekeza kwenye kitu kinachozunguka mbele bila kuwa sawa. Mimi nilikuwa nimemwambia fundi wa kwanza "linayumba", naye akatibu kuyumba. Aliudhika bure, maskini, niliporudi kumlaumu.

Nikajibu kwamba linatetemeka. Maswali yakafuata. Kwa mwendo gani? Ukikanyaga breki huzidi? Ukiondoa mguu kwenye mafuta? Tukatoka pamoja hadi barabara ya Thika, yeye kaweka kiganja juu ya dashibodi kama daktari apimaye mapigo ya moyo. Tulipofika 95 aliniamuru nitoe gia, gari litiririke lenyewe. Usukani ukaendelea kutetemeka vilevile. "Injini haiko kwa hii kesi," akasema.

Tuliporudi alihamisha magurudumu ya mbele akayaweka nyuma, na ya nyuma mbele. Mantiki yake ni nyepesi: kama kosa limo katika gurudumu au tairi, mtetemo ungehama mikononi ukaingia kitini. Tukatoka tena. Haukuhama. Kwa dakika ishirini za kazi mzee alikuwa ameyaondolea lawama matairi niliyoyanunua kwa pesa za kodi ya nyumba.

"Lakini mashine ilionyesha sufuri," nikasema, kana kwamba nadai fidia.

"Mashine inazungusha gurudumu kwa chuma yake yenyewe. Haijaona chuma ya gari yako."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Mashine haikudanganya hata kidogo. Ilijibu swali iliyoulizwa, nalo halikuwa swali letu.

Kisha akaliinua gari kwa jeki, akalishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa, akalishika ubavuni, akalitikisa tena. Halikucheza, kwa hiyo beringi na viungo vya usukani vilikuwa imara. Akalifungua gurudumu, akaibana diski ya breki kwa nati, akafunga kipande cha waya kwenye shokomzoba hadi ncha yake ikakaribia kuigusa diski. Akaizungusha polepole. Ncha ikagusa, ikaachana, ikagusa, ikaachana, mara moja kwa kila mzunguko. Akaitoa diski, akaielekeza waya kwenye habu tupu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungiwa. Ikawa vilevile. Kwa vibamba vyembamba vya kupimia nafasi akapata takribani nusu milimita. Kwa kawaida habu hairuhusiwi kupotoka hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Akaenda upande wa kulia, akarudia yote, na ncha ya waya haikucheza.

Alinyanyuka, akaniangalia kwa muda.

"Habu haipindi kwa kugonga nguzo ya lango."

Wachomeleaji walikuwa wamezima mitambo yao kwa chakula cha mchana, na kimya kile kilinielemea. Nikamweleza yote: lori, kalvati, mwendo, rimu niliyoiuza. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba ile rimu ingekuwapo, fundi yeyote angeitazama na kujua mahali pa kuanzia, kisha akaniuliza kama nina nauli ya kwenda Kirinyaga Road.

Nilipata habu ya mitumba huko alasiri hiyo. Mzee aliipima kwa waya ule ule kabla ya kuitia kwa beringi mpya, akaukagua pia mkono wa chini na shokomzoba kwa kuvilinganisha na vya kulia, akasugua kutu na rangi iliyokuwa imerukia mahali pa kukutania chuma na chuma, akakaza nati kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Katika barabara ya Thika nilifika 95. Usukani ulitulia. Neno hili usukani, kwa wasiokumbuka, lilitujia kutoka baharini, ambako sukani huongoza chombo. Nahodha asiyesema ameupiga mwamba hufika nao bandarini.

Niliporudisha gari Nakuru, baba alilizunguka mara moja, mikono nyuma, kama alivyokuwa akizunguka darasani wakati wa mtihani. Akasimama kwenye fenda ya kushoto na kuipitishia kidole.

"Rangi hii si yangu."

"Ndiyo, Baba. Niligonga kalvati Kikopey."

Hakuuliza nimetumia pesa ngapi.

"Ulikuwa ukienda mwendo gani?"

"Mia moja na ishirini, Baba."

"Fundi ulimwambia hivyo?"

"Wa kwanza sikumwambia."

Alinyosha mkono, nikampa funguo. Akakisogeza kiti mbele, akavirekebisha vioo, akanionyesha kwa kidevu niketi kushoto, mahali pa mama. Tulitoka mjini kwa barabara ya Naivasha bila kusemezana. Ilipofika 80 nilianza kuitazama mikono yake. Ilipofika 95 ilikuwa bado imetulia, naye alikuwa akinitazama mimi.