Nilivyohamishwa Sauti Nikiwa Likizo Mbuba

Jamani, umewahi kuambiwa "wewe hama" mbele za watu? Mimi nimeambiwa. Na si kuhama nyumba wala kuhamishwa kazi, maana hayo mtoto wa mjini keshayazoea. Niliambiwa nihame sauti.

Nieleze kwanza, kwa sababu najua wengine kanisani mnakwenda siku ya harusi tu. Kwaya zetu zina sauti nne. Ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe, ule unaotoka nao kanisani ukiupiga mluzi mpaka kituo cha daladala. Ya pili inapita chini yake. Mwombe mtu yeyote aliyekuwepo kwenye misa akuimbie sauti ya pili, atakutumbulia macho tu.

Mimi ni wa sauti ya kwanza tangu darasa la tano. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Nimezaliwa Mbuba, wilaya ya Ngara, kule ambako ukisogea kidogo uko Burundi na ukisogea kidogo upande mwingine uko Rwanda. Kigangoni kwetu wimbo ukiwa na kipande cha mtu mmoja, nilikuwa naimba mimi. Nilipohamia Dar nikaingia kwaya nyingine, benchi la mbele, sauti ileile. Na kila Krismasi nikirudi nyumbani nilikuwa na nafasi yangu imekaa inanisubiri, kama mgeni rasmi.

Basi Desemba 2023 nikafunga safari. Anayejua basi la Ngara anajua: Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, mpaka miguu inavimba viatu havikuingii. Nimefika na gauni jipya, nywele zimesukwa, CD moja moyoni: mwaka huu nitawaonyesha.

Jioni ya kwanza ya mazoezi naingia, naelekea kwenye nafasi yangu. Pamekaliwa. Kabinti ka kidato cha tatu, kembamba, sare ya shule. Kakanyanyuka haraka, "Shikamoo dada."

Shikamoo! Mimi! Nikaitikia marahaba huku roho inaniuma.

Mwalimu wa kwaya akatoa do kwenye kinanda, tukaanza. Yule mtoto akafungua mdomo. We acha tu. Ile noti ya juu ambayo mimi huifikia kwa kunyanyuka vidole, yeye aliishika kama anachukua kikombe mezani. Nikaongeza nguvu, nikazidi kuongeza, mpaka mwalimu akasimamisha wimbo. Akanitazama kwa adabu zote.

"Dada, karibu sana nyumbani. Naomba uhamie sauti ya pili. Kule wamebaki wawili."

Kimya. Wale wa besi, unawajua tena wanaume wa besi, wakakohoa kwa pamoja. Nikasema nina mafua, leo nasikiliza tu. Nikakaa.

Wawili waliobaki sauti ya pili, mmoja ni mama yangu mzazi.

Hapa lazima niseme ukweli ambao haunipendezi. Mama aliingia kwaya ile miaka ya themanini. Alikuwa anaimba mwaka 1994, wakati Warwanda zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na wilaya ya Ngara ikageuka habari ya dunia nzima. Alikuwa anaimba sisi tunazaliwa. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi hata siku moja kujiuliza mama anaimba nini. Nilijua yuko kwaya, yuko nyuma kule na akina mama. Kwangu sauti ya pili ilikuwa benchi la wasioweza kufika juu. Wanaoshindwa kule wanateremshwa huku, kama timu ya mpira.

Usiku nimenuna, nimelala na simu. Nikakumbuka filamu moja ya 2010 inaitwa Kinshasa Symphony, inahusu okestra ya watu wa kawaida kabisa pale Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa ndege, mjukuu wa Simon Kimbangu. Watu wanatoka kazini wamechoka, wanakamata fidla, wanapiga Beethoven. Okestra za namna ile fidla zimegawanywa: fidla ya kwanza na fidla ya pili. Chombo kilekile, nyuzi zilezile nne, ila hawa wanapewa wimbo na wale wanapewa kilicho chini yake. Nikawaza, huko nako lazima kuna mtu aliwahi kuhamishwa akanuna kama mimi. Afadhali wapiga taarabu wa Zanzibar! Kwenye vikundi vya zamani kama Ikhwani Safaa, ambacho kipo tangu 1905, fidla zote zinafuata wimbo mmoja, kila mpigaji anaongeza manjonjo yake. Pale hakuna wa kumshusha mwenzake. Nikatamani niwe Mzanzibari.

Asubuhi mama ananikuta jikoni. Hakusema habari ya jana. Ametandaza maharage kwenye ungo, anachambua. Nikamwuliza kitu, hakujibu. Nikauliza tena. Akageuza kichwa chote, akanipa sikio la kushoto.

"Unasemaje?"

Ndipo nikaanza kuunganisha mambo. Simu zangu za Dar ambazo siku hizi anajibu "ndiyo, ndiyo" hata pale ambapo ndiyo haifai. Redio iliyofunguliwa mpaka mwisho. Nikamwuliza, Mama, masikio vipi? Akasema la kulia limekwenda, hili jingine linakuja na kuondoka. Akasema kama mtu anayezungumzia kuku.

"Na kwaya unaimbaje?"

Akaniambia. Kwa zaidi ya miaka ishirini alisimama na rafiki yake mmoja, yule mama daima kushoto kwake. Masikio yalipoanza kuziba, mama akawa anasikia kupitia kwake: anapata sauti yake kwa upande wa kushoto, na asipoisikia anamtazama mdomo. Yule mama alifariki mwaka 2021. Aliyebaki ni mgeni kwenye kwaya, naye anamtegemea mama. Yaani kipofu kamshika mkono asiyeona.

"Mimi ndiye niliyemwomba mwalimu akuhamishe," akasema. "Nilitaka mtu wa kushoto."

Nikakosa pa kuangalia. Nikachukua ungo, nikaanza kuchambua maharage yaliyokwisha chambuliwa.

Mwenzangu, usidhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Nia nilikuwa nayo, sauti sikuwa nayo! Nyimbo zetu haziandikwi kwa zile noti za mistari na vijiti. Tunatumia herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mtindo wenyewe ulizaliwa Uingereza karne ya 19, mwalimu wa kike Sarah Glover akaanzisha, John Curwen akaueneza, wamisionari wakauleta Afrika, na mpaka leo ukifungua daftari la kwaya kijijini utazikuta herufi zimepangwa mistari minne, sauti juu ya sauti. Miaka yote nilikuwa nasoma mstari wa juu tu. Sasa natazama wa pili. Sauti ya kwanza inapanda mi, fa, so, la, raha mustarehe. Chini yake sauti ya pili: do, do, do, do. Halafu ghafla ti, bila hodi. Halafu do tena.

Utasema do nne mfululizo kuna kazi gani? Jaribu! Wimbo unapanda kando yako, na sikio lako lote linautaka. Noti ya kwanza niko sawa, ya pili niko sawa, ya tatu najikuta nimepanda na yule binti kama mtu aliyedandia lori. Mwalimu anasimamisha. Tunaanza tena. Nadandia tena. Mara ya nne kabinti kalinigeukia kwa huruma, na huruma ya mtoto wa kidato cha tatu usiombe ikukute.

Mama hakucheka. Alinifundisha nyumbani, na hakufundisha kwa herufi maana zamani zile wao walijifunza kwa kukaririshwa. Aliniambia niache kushindana na wimbo. "Usizibe masikio. Sikiliza sauti ya kwanza, lakini usiifuate. Iache ipite." Tukawa tunaimba tunamenya ndizi, tunaimba tukienda kisimani, mimi namwimbia ya kwanza yeye anashika ya pili, halafu tunabadilishana. Nikigeukia kulia kwake ananipiga kibao cha bega: pita huku. Siku moja nikamwambia, Mama, hii sauti ngumu hivi mbona hamsemi? Akasema, "Nyinyi mnaimba wimbo. Sisi tuko kazini."

Halafu mwalimu akafanya kitu kimoja siku ya mazoezi ya mwisho, sijui kwa makusudi au vipi. Kwenye noti ya kumalizia aliwashika besi kwenye do, sauti ya tatu kwenye so, ya kwanza kwenye do ya juu. Sisi akatunyamazisha kwa mkono. Ikasikika safi, ina nguvu, ila ilikuwa kama nyumba imejengwa ikaezekwa halafu ndani hakuna hata kigoda. Akatupa ishara. Tukaingia na mi, watu watatu tu, tena kwa sauti ya chini. Nywele zikanisimama. Miaka yote ile nilikuwa nafikiri utamu ule unatoka kwangu!

Mkesha wa Krismasi kanisa likafurika mpaka madirishani. Tumesimama, mama katikati, mimi kushoto kwake, yule mwenzetu kulia. Nimejiandaa: leo nitakuwa sikio la mama. Atanitazama mimi.

Tukaingia Utukufu. Ubeti wa kwanza tukaenda vizuri. Ubeti wa pili, mvua.

Mvua ya Ngara ya Desemba juu ya bati, kama hujawahi kuwa chini yake, sina namna ya kukueleza. Ilishuka kama lori la kokoto limefunguliwa. Kinanda kikamezwa. Nilimwona yule binti anafungua mdomo na sikusikia kitu. Sikujisikia hata mimi mwenyewe. Wa besi walianza kupiga kelele, sauti ya tatu ikaanza kukimbia, mwalimu anapunga mikono kama mtu anayezama. Nimetafuta noti yangu kila mahali kichwani, haipo. Ile do yangu imekwenda na maji.

Nikageuka kumtazama mama.

Mama alikuwa anaimba. Uso umetulia kabisa. Kidole chake kinagonga mapigo kwenye paja, moja, mbili, moja, mbili, macho kwa mwalimu, mdomo unakwenda neno kwa neno. Kwake hakuna kilichobadilika. Yeye kuimba bila kusikia ameanza siku nyingi.

Nikashika mdomo wake kwa macho. Nikaweka mkono wangu chini ya mgongo wake, pale ambapo mtu akiimba pananguruma, nikaipata do. Yule mwenzetu wa kulia akaniona, naye akamgeukia mama. Binti wa sauti ya kwanza akatuona sisi tunakwenda pamoja, akatuangalia midomo akashika mapigo. Sijui ilichukua muda gani. Mvua ilipopungua ghafla, kama ilivyo desturi yake, kwaya nzima ilikuwa ubeti wa tatu, mstari mmoja, pamoja. Watu wakapiga vigelegele. Nadhani waliupigia ule wimbo, na pengine mvua kukatika.

Tumetoka usiku, njia imekuwa uji mtupu, viatu mkononi, gauni langu la Dar limepandishwa magotini. Nimemshika mama upande wa kushoto. Nasubiri aseme neno. Tumekwenda mwendo mrefu kimya, mpaka karibu na nyumbani.

"Ubeti wa kwanza," akasema, "ulipanda."

"Wapi, Mama?"

"Pale kwenye ti. Uliifikia umechelewa, halafu ukapanda. Nilikuona mdomo."

Nikamwambia haiwezekani, pale nilikuwa sawa kabisa. Akasimama katikati ya matope, akaniambia niimbe. Nikaimba. Kwa kweli nilikuwa napanda.

Pasaka ya 2024 nikaomba ruhusa kazini siku nne. Bosi akaniuliza kwa upole, kuna msiba nyumbani? Nikamwambia hapana, kuna mazoezi.