Miguu Yangu Ndiyo Iliyokuwa Intaneti

Mwaka 2008 nilikuwa nimepanga chumba Morogoro. Siku moja nikakuta posta bahasha yenye CD ya mfumo endeshi wa Ubuntu 8.04. Enzi hizo ukiomba, watengenezaji wake walikutumia bure hadi kwenye sanduku lako. Hata jina lilinivuta: kwa Kizulu ni utu, na Mswahili haelezwi utu ni nini. Jioni ile ile nikaiweka kwenye kompyuta yangu ya mtumba, na mashine iliyokuwa ikijikokota ikachangamka.

Jumapili baba akaja kunitembelea na CD ya nyimbo za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyochomewa na kijana mmoja stendi, zote MP3. Nikabofya. Kompyuta ikasema haina programu ya kufungulia faili hizo, ikauliza kama iitafute kwenye intaneti. Intaneti gani, chumba kile! MP3 wakati huo ilikuwa bado na hataza katika baadhi ya nchi, ndiyo maana watengenezaji wa Ubuntu hawakuitia programu yake kwenye CD yao. "Basi mwanangu, tutasikiliza siku nyingine," baba akasema, akairudisha CD yake mfukoni mwa koti. Iliniuma.

Kesho yake nikaenda kafe ya intaneti, nusu saa shilingi 500, nikashusha programu ya kufungulia MP3, gstreamer0.10-plugins-ugly, kwenye flashi. Nyumbani ikagoma: inahitaji libmad0. Nikaiandika kwenye daftari, nikarudi kafe. Nilipoipata, ikadai libid3tag0. Nikarudi tena. Kila safari kompyuta ilinitajia kitegemezi kimoja tu, yaani programu nyingine inayohitajika, kamwe si vyote kwa mpigo. Safari moja nilishusha faili ya prosesa za amd64 na kompyuta yangu ni i386; nauli na pesa ya kafe vikaenda bure. Daftari lile lilijaa majina yasiyotamkika, kila jina na alama ya vema au mkasi.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu, inavijua vitegemezi vyote. Ndiyo kazi yake, na inaifanya vizuri sana kwa mwenye waya. Synaptic, chombo kingine cha kazi hiyo, nayo iliweza kukutolea orodha ya anwani ukashushie kwingine, ila sharti kwanza uwe umeshavuta orodha za hazina za programu kupitia intaneti. Asiye na intaneti alitakiwa aanze kwa kuwa nayo. Waliotuletea CD hadi posta walitufikiria. Waliopanga yanayofuata baada ya CD hawakutufikiria, na nasema hivyo nikiwa naupenda mfumo huu kwa dhati.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi mmoja wa chuo, mwenye Ubuntu toleo lile lile na mtandao bwenini. Alifungua /var/cache/apt/archives, ambamo apt wakati huo ilihifadhi kila ilichoshusha, akaninakilia folda nzima. Nyumbani nikaandika amri moja, sudo dpkg -i *.deb, nikaketi kutazama mistari ikipita. Hakuna kilichogoma. Mwezi uliofuata baba alisikiliza Mbaraka wake mpaka giza likaingia.

Msomaji, kama unatumia Ubuntu au Debian na unamjua mtu asiye na bando, itazame folda hiyo kabla hujaisafisha (amri ya apt-get bado huziacha faili humo, ila amri ya apt ya siku hizi huzifuta ikishasakinisha). Hakikisheni toleo ni moja na aina ya prosesa ni moja, kisha mjazie flashi yake.