Kwenda Gisozi Kutazama Picha

Nilipanda basi Kahama alfajiri nikiwa na begi dogo, kamera, na ubishi niliouacha haujaisha kwenye kikao cha wapigapicha wenzangu. Ubishi wenyewe ni wa siku nyingi. Je, picha lazima iwe na ujumbe unaoeleweka papo hapo, na kichwa cha kuutangaza, au iachwe ijisemee? Wakubwa wetu katika kazi hushikilia kwamba picha isiyo na ujumbe ni karatasi tu. Vijana hujibu kwamba ukiiwekea picha kichwa umekwisha kumwamulia mtazamaji aone nini. Mimi nilikuwa upande wa vijana. Lakini sikuwa nimewahi kuvuka mpaka kuingia Rwanda, wala kuona mahali ambapo picha za watu wa kawaida zimetundikwa kwa wingi pasipo maelezo yoyote. Niliambiwa mahali hapo pako Kigali, juu ya kilima cha Gisozi.

Tukapita Ushirombo, tukapita Runzewe. Nyakanazi alipanda mama mmoja akaketi kando yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na haikupita muda akaiona kamera.

"Mwanangu, unakwenda kupiga harusi?"

Nikamwambia hapana, mama, safari hii nakwenda kutazama picha za wenzangu, si kupiga. Nilipomtajia Gisozi alinyamaza. Kisha akanieleza kwamba mwaka 1994 alikuwa msichana, akiuza ndizi Benako, wilayani Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na Benako, mahali ambapo palikuwa pori na barabara, pakageuka moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani.

"Wapigapicha walijaa," alisema. "Walitupiga hata sisi wenyeji tuliokuwa tunauza ndizi. Hakuna aliyetuuliza majina. Sasa sijui huko walikotupeleka tuliandikwa nani."

Alishuka Benako. Maneno yake nikaendelea nayo hadi mpakani.

Rusumo, mto Kagera huanguka kwa kishindo chini ya daraja, maji yake mazito, ya rangi ya udongo. Mto huu ndio uliobeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 hadi Ziwa Victoria, watu wa kandokando ya ziwa wakaacha kula samaki kwa muda. Nilisimama pale huku wasafiri wenzangu wakipanga foleni ya kugongewa mihuri. Nilikuwa na kamera begani na sikuitoa. Mto ule ukiupiga leo utapata maji na mawe, picha nzuri ya kalenda, na hakuna kitakachomwambia mtu kilichopita humo. Hapo ndipo msimamo wangu ulipoanza kulegea.

Ng'ambo ya pili basi likahamia upande wa kulia wa barabara, saa zikarudi nyuma kwa saa moja, tukapita Kibungo, Kayonza na Rwamagana, na jioni tukaingia stendi ya Nyabugogo.

Asubuhi nilichukua pikipiki hadi Gisozi. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyopo hapo ilifunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji yenyewe. Nje, chini ya mabamba mapana ya saruji, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ndani kuna maonyesho yenye maelezo kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, yanayosimulia historia tangu kabla ya ukoloni. Yamepangwa vizuri, na ninayaheshimu. Lakini nilikuwa nimeifuata picha.

Chumba cha picha kina mwanga hafifu. Picha zimebanwa kwenye nyaya, safu juu ya safu, nyingi zikiwa saizi ya kiganja. Zililetwa na ndugu wa waliouawa. Nilizitazama kwa jicho la kazi yangu na nikazitambua zote, kwa maana ni picha tunazopiga sisi: maharusi wamesimama wima, mtoto wa ubatizo, kijana wa mahafali, picha ya pasipoti iliyokuzwa mpaka ikapoteza makali, familia iliyopangwa warefu nyuma na wafupi mbele. Hakuna mpigapicha hata mmoja kati ya waliozipiga aliyekuwa na ujumbe. Alitaka mteja apendeze, alipwe, aite anayefuata. Hata hivyo sijawahi kuona picha nzito kuliko hizo. Hapo wakubwa wetu wameshindwa: ujumbe haukuwekwa na aliyebofya kamera, na kichwa chochote ambacho ningekiandika chini ya nyaya zile kingekuwa kelele.

Lakini kadiri nilivyosimama ndivyo nilivyotamani kitu kimoja. Huyu mwenye miwani ni nani? Yule wa gauni la maua alikuwa mwalimu, muuguzi, mkulima? Kuna jamaa wanaowajua. Mgeni kama mimi hawezi kujua, na jamaa hao nao wanazeeka.

Kisha nikaingia chumba cha watoto. Humo picha ni kubwa, na chini ya kila moja kuna kibao kifupi: jina la mtoto, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake, jinsi alivyouawa. Basi. Hakuna neno la kukuhimiza ulie. Hakuna "malaika", hakuna "ndoto iliyokatizwa". Niliona maelezo ya picha yaliyotimiza kazi yake yote: yamempa mtoto utu wake, halafu yakanyamaza.

Nikamkumbuka mtoto mwingine. Tarehe 26 Machi 1993, New York Times lilichapa picha ya Kevin Carter, mpigapicha wa Afrika Kusini, iliyopigwa Ayod, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Mtoto ameinama chini kwa njaa, tai mlamizoga ametua nyuma yake. Ujumbe wake ulieleweka dunia nzima bila kufafanuliwa, na Aprili 1994, mwezi uleule mauaji ya Rwanda yalipoanza, ikapewa tuzo ya Pulitzer. Carter alijiua Julai mwaka huo. Wasomaji waliuliza mtoto alipata nini, na gazeti halikuwa na jibu la uhakika. Kwa miaka mingi aliandikwa kuwa ni msichana. Mwaka 2011 ndipo waandishi wa Hispania walipompata baba yake, wakaarifu kwamba alikuwa mvulana, Kong Nyong, kwamba njaa ile aliinusurika, na kwamba homa ndiyo iliyomuua miaka kadhaa baadaye. Ujumbe ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Jina lilichukua miaka 18.

Kwa hiyo ubishi wetu ulikuwa umeunganisha vitu viwili visivyofanana. Ujumbe si lazima. Kichwa cha kupamba, "Machozi ya Mama" au "Tumaini", mara nyingi huharibu. Lakini aliyepigwa picha ana haki ya jina lake, mahali pake na tarehe yake. Pale ambapo kulitaja kunaweza kumletea madhara, mfano mtoto aliyebakwa au shahidi anayewindwa, usilichape, ila liulize na ulitunze kwenye daftari lako. Mawimbi ya bahari yaache bila kichwa, hayatalalamika.

Nawaomba wapigapicha wenzangu, wa studio na wa magazeti, waulize jina kabla ya kuondoka. Nawe msomaji, kama kwenu kuna albamu ya zamani, kaa na bibi au babu angali na kumbukumbu, fungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, umuulize huyu nani, wapi, mwaka gani. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini bila kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya ukaharibu sura.